Alhamisi Kariuki Alikuwa Kwangu

Jumatatu, jioni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, na mlima haujaonekana tangu juzi. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa na sijaionja.

Leo nimeshika darasa la Kariuki. Mwenzangu huyu askari walimchukua Jumamosi kwenye msako. Mtu aliyevikwa gunia, macho tu yakionekana, alimtazama akaitikia kwa kichwa. Basi, yakaisha. Ati Alhamisi jioni alikuwa akiwapelekea wapiganaji chakula msituni, upande wa Tetu. Kwa kosa hilo watu wananyongwa.

Alhamisi jioni alikuwa hapa kwangu.

Alikuja kwa sababu milinganyo miwili ilikuwa imemshinda, na Ijumaa alipaswa kuifundisha. x na y zikijumlishwa ni saba. Na x ukitoa y inabaki moja. Akajaribu tano na mbili, akapata saba, akaweka kalamu chini kwa furaha. Nikamtania kwamba haraka haraka haina baraka, ajaribu na wa pili. Tano toa mbili ni tatu. Tulicheka sana.

Leo nimeandika tano na mbili ubaoni, nikawauliza watoto kama ndilo jibu. Hakuna aliyeishia kwenye mlinganyo wa kwanza.

"Ya pili imekataa, mwarimu," akasema Wangari wa dawati la mbele. Kariuki alikuwa amewafundisha vizuri. Niligeukia ubao nikajifanya nafuta, mpaka macho yakakauka.

Mchana mkewe, Nyambura, alikuwa ananingoja langoni.

"Mwarimu, wewe si mtu wa hapa. Ukisema, watasikia. Mimi nikisema, ati natetea bwana yangu." Kisha akaniambia kwamba Kariuki ameulizwa alikuwa wapi Alhamisi, naye amekataa kusema.

Mimi najua kwa nini. Alitoka kijijini kwao bila kibali, nami nikamfungulia mlango. Hilo ni kosa lake na langu pia. Nina kazi hapa, nina nyumba ya serikali, nina watoto kule Maragoli wanaosoma kwa mshahara huu. Ananificha mimi.

Tangu mchana natafuta neno la kumtoa yeye na kuniacha mimi salama. Kila ninalojaribu linakubali upande mmoja, ule mwingine linakataa.

Nimechoka kutafuta.

Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nitakwenda kambini wanakomzuilia niseme Alhamisi alikuwa kwangu. Naogopa, nisijidanganye. Lakini yeye anaogopa zaidi, na bado hajalitaja jina langu.