Siku Tisini na Sita

Bwera,
Tarehe 12 Agosti.

Kaka yangu Omara,

Pokea salamu zangu kutoka huku chini ya mlima. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba ule mguu uliokusumbua Krismasi umekubali kuvaa buti tena. Huku tunapumua. Wanangu wawili ni wazima; Immy ameng'oka jino la mbele na anazunguka mtaa mzima akimwonyesha kila mtu pengo lake. Mvua imewahi, barabara ya kwenda mpakani ni matope, na malori ya Kongo yamepanga foleni mpaka mbele ya duka langu. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Usingizi ndio sina.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwenye simu wewe ni afande hata kwangu. Unauliza swali moja, unatoa amri mbili, unakata. Karatasi huwezi kuikata katikati ya neno. Koplo Mbabazi amemaliza likizo yake hapa Kasese na Alhamisi anarudi huko kambini kwenu Moroto. Ameniahidi atakutia barua hii mkononi kabla hujapanda basi tarehe 18 kuja huku. Nakuomba uisome yote, ukiwa umekaa, peke yako.

Kabla ya yote nina manung'uniko yangu, na utayasikia. Uliponiletea Sylivia baada ya kumzika mama yake, alikuwa na miaka kumi na kilo ishirini na saba. Najua kwa sababu nilimpandisha kwenye mizani ya duka siku ile ile. Ulisema ni kwa muhula mmoja. Mihula sasa ni kumi na miwili. Umekuja mara tatu, na hakuna mara uliyolala usiku wa pili. Sikulaumu kwa kazi ya jeshi, nimezaliwa kambini kama wewe na najua mtu hajipangii. Lakini mtoto wa miaka kumi na mtoto wa miaka kumi na minne si mtu mmoja. Yule wa kwanza ulinikabidhi. Huyu wa pili hukunikabidhi, nilimkuta tu ndani ya nyumba asubuhi moja.

Sijui kama unaelewa ninachosema. Ndani ya mwaka mmoja amerefuka sentimita tisa, nimemchora kwenye mwimo wa mlango wa stoo. Sketi ya shule nimeishusha upindo mara mbili na bado inapanda. Uso ulitoka chunusi, akawa anakaa mbele ya kioo akizihesabu kama mtu anayekagua mchele. Alikuwa anaoga uani na wadogo zake bila taabu, ghafla akataka bafu liwe na komeo. Nikamwambia hapa si hotelini. Akaacha kuoga siku mbili, na msichana wa umri ule akiacha kuoga siku mbili nyumba nzima inajua, kwa hiyo komeo nililinunua. Atacheka na redio, dakika hiyo hiyo atalia kwa sababu Immy ameshika chanuo chake. Nikimwita ananijibu "nakuja" kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Jumamosi analala mpaka jua linaingia kitandani. Mimi umri ule nilikuwa nauza mihogo ya kukaanga kwenye geti la kambi, hakuna aliyeniuliza kama nimeamka vizuri.

Nimeinuka kumhudumia mteja wa chumvi, nimerudi.

Unajua kwamba kwa watu wetu habari za mwili wa msichana ni kazi ya shangazi. Baba hasemi, na mama hasemi hata akiwa hai. Ni mimi. Mwezi wa tatu, alfajiri, nilimkuta uani anafua shuka peke yake, amenipa mgongo. Nikaelewa. Nikachukua pakiti mbili za pedi dukani, nikaziweka juu ya sanduku lake, nikaenda kufungua duka. Sikusema neno. Nilijiambia mimi mwenyewe hakuna aliyenisemesha. Unakumbuka lile blanketi la jeshi la baba lililokutwa limekatwa pembeni, ukachapwa wewe? Nililikata mimi. Kitambaa kingine sikuwa nacho na wa kumuuliza sikuwa naye. Basi nikaona mtoto anayepewa pedi mpya za dukani amepewa kila kitu.

Kila tarehe mosi nikawa naweka pakiti mbili kwenye kikapu chini ya kitanda chake. Za Machi zilikwisha. Za Aprili zilikwisha. Ya mwisho ilifunguliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 20, nakumbuka kwa sababu alikataa kwenda kanisani. Za Mei sikuona hata moja iliyofunguliwa. Juni zikawa nne. Julai zikawa sita, zimepangana vile vile nilivyozipanga. Wewe unanijua. Mimi nimefika duka la milango miwili kwa sababu bidhaa ikikaa rafuni siilalii, nauliza kwa nini. Nikampandisha kwenye mizani: Machi kilo arobaini na moja, Julai arobaini na tano na nusu. Nikaunganisha na usingizi, na machozi, na samaki aliyekuwa anamsukuma pembeni ya sahani. Nikahesabu kutoka Pasaka mpaka tarehe 25 Julai. Siku tisini na sita. Nikasema hapa hesabu imefunga.

Hata mhusika nilimpata haraka. Nobert, mtoto wa jirani yetu Yafesi fundi seremala, yuko darasa moja na Sylivia, na jioni walikuwa wanasoma pamoja barazani kwangu. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo nilienda kwa Yafesi, nikamwita kijana mbele ya baba yake, nikamuuliza amemfanya nini mtoto wa afande. Akafungua mdomo, sauti ikatoka kwanza nene kama lori, ikamalizia kama kifaranga. Nikamwambia Yafesi ona, hata koo lake limemkana. Yafesi akachukua ubao.

Kesho yake, Ijumaa, nikamtoa Sylivia shuleni nikampeleka kwa Anselme, yule Mkongo mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko. Nilisimama mlangoni mwa choo mpaka akatoka na kikopo. Hakunitazama. Saa kumi jioni nikakupigia simu nikakwambia binti yako ana mimba ya miezi mitatu, uje.

Yaliyofuata unayajua, ila upande wako tu. Uliniambia niweke sauti ya nje, nikaweka. Ulimwambia kuanzia leo asikuite baba. Ukaniamuru nisimrudishe shule, na kwamba ukija utamalizana na ukoo wa kijana. Kisha ukakata. Upande wa huku, Sylivia alikuwa amesimama karibu na magunia ya sukari. Hakulia. Mtoto anayelia kwa sababu ya chanuo, siku ile hakutoa chozi. Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta kitanda kimetandikwa. Alikuwa amekwenda kwa mama wa mama yake, Bibi Eseza, kule Bwesumbu. Mitihani ya kufunga muhula imempita. Siku ya leo ni ya kumi na nane tangu aondoke.

Juzi Jumapili nikamfuata. Nilifika Kasese, nikapanda boda mpaka njia ilipotushinda kwa utelezi, palipobaki nikapanda kwa miguu na viatu mkononi. Bibi Eseza alikuwa anaanika kahawa. Alinikaribisha vizuri, akanipa ugali wa muhogo na maharage, akangoja nimalize kunawa. Ndipo akaniuliza, huyu shangazi wa mizani amekuja kupima nani leo?

Sylivia alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Niliona miguu yake. Nilimwita mara tatu, haikusogea. Bibi akaingia, akatoka na maneno ya mtoto. Alisema hatashuka mpaka baba yake aandikiwe kile Anselme alichosema, na saa aliyokisema. Kwa simu hataki, kwa sababu kwenye simu Shangazi atasema kidogo na baba atakata. Kisha kutoka nyuma ya pazia nikamsikia mwenyewe: "Shangazi si anajua kuhesabu? Basi ahesabu na hiyo."

Kaka, nimefika pale nilipokuwa nakwepa tangu mstari wa kwanza.

Sylivia hana mimba. Hakuwahi kuwa nayo. Na mimi nilijua nilipokupigia simu.

Anselme alipima saa nane. Alitoka akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mama Immy, mutoto haiko na mimba. Iko tu anakomaa." Nikamwambia arudie. Akarudia kwa kipimo kingine, jibu lile lile. Nikamwambia vipimo vyake vimeoza, nikachukua boksi nikasoma tarehe. Vilikuwa bado na miezi kumi na minne. Akanikalisha chini. Akanieleza kwamba mwaka wa kwanza, hata wa pili, siku za msichana hazijajipanga. Zinaweza kuja mara mbili, zikapotea miezi miwili au mitatu, zikarudi. Kilo zinaongezeka kwa sababu nyonga zinajengeka, usingizi ni kwa sababu anarefuka, na machozi na hasira hata yeye mwenyewe hajui vinatoka wapi, kwa hiyo nisimuulize kama askari anayeuliza mwizi. Akasema zikizidi kuchelewa, au akiumwa, nimrudishe amwangalie. Nikamjibu mimi ni mtu wa hesabu miaka kumi na mitano na siku tisini na sita ni siku tisini na sita. Akacheka. "Mama, huyu si katoni."

Kile kicheko kilinichoma. Lakini sitaki kukwambia kwamba ni kicheko kilichonipeleka kwenye simu, maana hapo nitakuwa nadanganya mara ya pili. Nilirudi dukani nikakaa dakika tisini. Nilikuwa nimeshamfanya kijana wa watu achapwe, na niliona aibu kurudi kwa Yafesi. Hilo ni moja. Lililo kubwa ni kwamba nilikuwa nimechoka, Omara. Nilimwangalia yule msichana aliyeko nyumbani kwangu, simjui, na yeye hanijui, na kazi ya kumsemesha ni yangu na siiwezi. Nikataka uje. Nilikuwa nimekuita mara ngapi kwa ada ya shule, kwa malaria yake, kwa kaburi la mama yake lililobomoka, ukasema mwezi ujao. Nikajua kuna neno moja tu litakalokutoa Moroto. Nikalisema. Nililisema naye amesimama pale pale, akiwa amesikia jibu la Anselme kwa masikio yake mwenyewe saa mbili kabla. Hakunikatiza. Nadhani alikuwa anangoja niseme kweli mpaka nilipomaliza.

Bibi Eseza ameniambia damu ilikuja huko huko Jumanne, siku ya nne tangu afike. Na jioni ile wakiwa wanamenya muhogo, alimweleza yote ambayo mimi nilishindwa kwa miezi mitano. Aliponiambia hivyo, nilipata njia rahisi. Nilishuka mlima nikiwaza nikuandikie kwamba kliniki ilikosea kisha ikarekebisha. Nilianza kuandika hivyo jana. Nimeichana, kwa sababu Anselme hakukosea kitu, na Sylivia atakuomba umsomee.

Kwa Yafesi nimeshakwenda, leo asubuhi. Nilisema mbele ya mke wake na mbele ya mafundi wake kwamba nilimsingizia Nobert. Yafesi aliendelea kupiga randa. Nobert ndiye aliyenijibu, "Sawa, mama," na sauti ikakatika vile vile katikati. Tangu Juni inakatika, hata akija kununua kiberiti. Nilikuwa namsikia kila siku na sikusikia.

Sasa likizo yako usiivunje. Njoo, lakini usije Bwera kwanza. Pitia Bwesumbu. Lile neno la asikuite baba ulilisema kwa sababu yangu, ila mdomo ulikuwa wako, na mimi siwezi kukuondolea. Muhula wa mwisho unafunguliwa Septemba na mtihani wa darasa la saba ni Novemba. Jina lake bado liko shuleni, sikulitoa japo uliniamuru asirudi. Ukitaka kunigombeza, nitakuwepo dukani. Akikubali kurudi kwangu nitampokea, na nitajaribu kusema naye hata kama maneno yatanitoka vibaya. Akitaka kubaki na bibi yake mpaka mtihani uishe, sitamvuta.

Msalimie koplo, mshukuru kwa mzigo huu. Immy na mdogo wake wanakusalimu, wanauliza kama utawaletea viatu vya mpira. Bibi Eseza anakusalimu na anasema nyumba yake unaijua. Kutoka kwa Sylivia nilingoja mpaka jua likashuka nyuma ya mlima, nikamuuliza kupitia pazia kama kuna neno nikufikishie. Hakunipa, na salamu ambayo sikupewa sitakuandikia.

Ni mimi dada yako,

Lanyero