Kuni za Nusu Bei

Shoga, tangu Jumatano ile baba alipotutoka sijaogopa hivi.

Unamkumbuka na biashara yake ya kuni. Za milimani ghali, za bondeni nusu bei, na bado alipita bondeni bila kusimama. Tulimcheka, "Mzee, unamaliza mafuta bure!" Naye, "Nyie chekeni, pua yangu ndiyo inayojua." Alinusa kila gogo kabla ya kulipakia. Kila gogo!

Juzi nikaenda mimi. Nikaishia bondeni. Nusu bei, shoga! Nikajiona mjanja. Sikunusa hata moja.

Leo asubuhi mama kachemsha chai kwa kuni hizo. Moto ukawa wa kijani. Mara anatapika, pumzi inakata. Jirani yetu fundi umeme akaokota kipande, akanusa. "Dada, umezitoa wapi hizi? Hizi ni nguzo za umeme zimepasuliwa. Zimelowekwa dawa ya mchwa. Moshi wake ni sumu."

Nguzo! Ndiyo maana nusu bei. Baba alijua, mimi nikacheka.

Mama yuko zahanati, wanasema atapona. Lakini nusu ya mzigo niliupeleka jana shuleni, pale pale tuliposoma. Unalijua lile jiko, halina hata dirisha.

Nimempigia mpishi mara saba. Hapokei.

Huwasha moto saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu, niko nyuma ya pikipiki, na njia ni dakika ishirini.