Shikamoo ya Malvern

Johannesburg, Jumanne, 2019

Ilikuwa shikamoo tu, na bado moyo wangu haujatulia.

Asubuhi, katika mtaa wa Malvern, rafiki yangu Zuhura alimwona mama aliyejifunga kanga akiuza mboga kando ya barabara. Akapaza sauti kwa furaha: "Shikamoo, mama!" Vijana waliosimama karibu wakageuka kututazama. Mama akamjibu kwa Kiingereza kwamba amemfananisha.

Vijana walipoondoka, mama akatunong'oneza: "Marahaba, wanangu. Juzi wamechoma duka la jirani yangu, mgeni kama mimi. Hapa msinisalimie kwa sauti."

Pengine natia chumvi. Sisi ni wapita njia, kesho tunaelekea Maputo; yeye ndiye anayebaki na wale vijana. Lakini je, tumemwachia nini?

 Jioni tuliporudi hosteli, mlinzi wa getini, mzee wa Bukavu, alitupokea kama jana: "Karibuni, ba dada. Mulitembea muzuri?"

Zuhura, ambaye tangu chuoni sijamwona akimpita mtu mzima bila kumwamkia, akamjibu kwa Kiingereza.

Mzee akatufungulia. Nami nikapita nyuma ya Zuhura, bila kumwamkia.