Msinywe Maji ya Pipa la Buluu

Baba watoto,

Msinywe maji ya pipa la buluu, hata yakichemshwa. ~~Yamwage nyuma ya nyumba.~~ Hapana, usiyamwage popote, yatashuka kisimani. Lifunike, weka mawe juu, na umwambie mama yako asiyaguse hata kunawa.

Nimemkimbiza kitinda mimba wetu hospitali. Tangu alfajiri anatapika, amelegea kama kitambaa kibichi. Uji wenu uko jikoni. Nimeupika kwa maji ya dukani.

Fundi bomba alikuja kuziba mfereji, akainama kunusa pipa. "Shemeji, hili mmelitoa wapi?" Nikamwambia kule machimboni, lori linakotupa mapipa kwa kificho. Akashika kichwa. Anasema ile ni sumu ya kiwandani, imeshaingia kwenye plastiki yenyewe, haitoki kwa sabuni wala majivu. Nami nililisugua mpaka mikono ikachubuka! Mama yako alinicheka: "Pipa linanukia ndizi mbivu, mke wetu unasugua nini tena?" Harufu hiyo ndiyo iliyotudanganya, sote tukaiona ni usafi.

Usimlaumu. Mumewe tumemzika juzi, tukasema ni uzee.

Sasa nisikilize. Msibani tuliwapa watu maji hayohayo. Pita nyumba kwa nyumba uwaambie. Watakaokutukana, wavumilie. Anza na jirani yetu mjamzito, yeye aliomba kikombe cha pili.

Mama watoto