Watoto Watatu wa Juni

Busi, 3 Agosti 2025

Mume wangu Swalihu,

Assalaam aleikum. Huku wazima wote, mdogo kanyonya kalala, ndiyo maana naandika. Baba Munir, nimechaguliwa! Darasa la ushonaji Kondoa, kuanzia Januari, mwaka mzima! Nimeruka hadi Salwa wetu akadhani nimeona nyoka.

Sasa nisikilize. Wewe kila mwaka hurudi Septemba zabibu zikishavunwa, na watoto wetu wote watatu wamezaliwa Juni. Nesi Restuta wa zahanati katueleza uzazi wa mpango: sindano, vidonge, kitanzi na kijiti. Mimi nimependa kijiti: kinakaa mkononi, chini ya ngozi, miaka mitatu, wala sitasahau kumeza kitu nikiwa hoi. Unasemaje?

Mkeo, Mama Munir

Hombolo, 12 Agosti

Mama Munir,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, mgongo tu. Hongera fundi wangu! Nimetangaza shamba zima. Ila kijiti, hapana. Wenzangu wanasema kinatembea hadi moyoni. Tutumie kalenda. Nimenunua moja, siku za hatari nimezizungushia wino mwekundu. Dereva Thobias anakuletea.

Mumeo, Baba Munir

Busi, 17 Agosti

Baba Munir,

Pole na mgongo. Kalenda imefika, nzuri, ina picha ya ngamia. Lakini mume wangu, nanyonyesha, hedhi haijarudi. Hizo siku umezihesabia wapi, kwenye mizabibu? Nakupenda, ila nimechoka hadi mifupa. Nenda zahanati ukaulize mwenyewe. Jumanne tarehe 9 Septemba mimi naenda kuwekewa kijiti, uandike usiandike. Nakwambia mapema kwa sababu sitaki kukuficha.

Mkeo, Mama Munir

Hombolo, 4 Septemba

Mama Munir,

Salaam, na unisamehe kimya. Niliogopa lile benchi la zahanati, wanawake tupu! Mmoja kaniuliza, "Shemeji, mimba yako ina miezi mingapi?" Nesi wa huku kaniwekea kijiti kiganjani nikione. Rukaya mke wangu, ni kama njiti ya kiberiti, tena laini! Hakiendi moyoni, kinakaa palepale kilipowekwa. Sasa mimi ndiye nawafundisha wenzangu!

Usiende peke yako. Nafika Jumatatu, Jumanne twende wote. Nesi kasema ukishawekewa, mkono usiloane wala usibebe kizito siku kadhaa. Ndoo zote za kisimani nitabeba mimi. Watu wacheke wakitaka.

Mumeo, Baba Munir

Busi, 6 Septemba

Baba Munir,

Njoo! Barua nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea mama yako. Kacheka hadi kaketi chini, halafu kaniuliza utabeba ndoo ngapi.

Kata ya kuwekea ndoo kichwani nimeshakusukia. Kubwa, ya saizi yako.

Mkeo, Mama Munir