Mahindi Yasiyotema

Jumatatu, 1 Juni 2009
Palizi ya pili. Mahindi ya shamba la chini yamekwama magotini, majani ya zambarau. Ni Simiyu. Ndugu yangu huyo alikuja Kitale wakati wa kupanda, akapita hapo akichekacheka. Ameniroga, mbwa yeye. Nimempigia simu kwake Sirisia, nikamtukana mpaka kredo ikaisha. Raha.

Jumatano, 3 Juni
Nekesa, mke wa mwanangu, anafundisha mambo ya mimea chuoni. Leo aling'oa shina moja. Kwa mila yetu mkwe hanipi kitu mkononi, kwa hivyo aliuweka mzizi juu ya kigoda, akarudi nyuma. Nikauendea. Mfupi, mnene, ncha imevimba.

Ati mbolea ya miaka yote imechachusha udongo, na aluminiamu iliyolala humo imeamka, imekuwa sumu. Aluminiamu! Mimi najua ya sufuria.

"Baba, ngozi ya mzizi ina vilango vya protini. Vingine vinaingiza chakula, vingine vinatema asidi ya kuifunga hiyo sumu isiingie. Haya yako hayatemi ya kutosha."

Mahindi yenye adabu, basi. Heri uchawi. Mchawi unaweza kumpiga.

Ijumaa, 5 Juni
Chokaa itasaidia, asema Nekesa, lakini mbegu pia. Huenda mahindi ya zamani ya mama yetu yanatema vizuri. Na nani bado anayo? Simiyu peke yake. Afadhali nile udongo.

Mwanangu naye: shamba likikataa tena mwakani, anapanda mikaratusi. Juu ya jasho langu! Namchukia leo.

Jumamosi, 6 Juni
Sirisia, kupitia Bungoma. Simiyu mlangoni: "Karibu, mzee. Mchawi hajambo." Akataka nirudie matusi yale mbele ya majirani, moja moja. Mahindi yake yamemzidi urefu, mshenzi. Mbegu akakataa.

"Kanunue dukani, bana. Si ulisema za mama ni za maskini?"

Alipotoka kuchekea watu uani, niliingia jikoni. Mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moshi. Nikachomoa hindi moja, koti likalimeza. Sijutii.

Jumapili, 2 Mei 2010
Mvua. Mistari ya hindi la wizi imenona. Ile mingine, hata na chokaa, inajikokota. Mwanangu amempa jirani miche yake ya mikaratusi.

Simiyu alipiga simu baada ya kanisa. Hindi hakulitaja. Aliuliza tu kama kumenyesha Kitale. Nikasema kumenyesha. Hakukata simu. Mimi pia sikukata.