Matairi Hayakuwa na Kosa

Kisesa, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Koleta,

Kabla sijakujulia hali, nikiri kwanza. Mengi niliyokuandikia kuhusu matairi ya pikapu yako, tangu siku uliponiambia umeinunua, hayakuwa ya kweli. Kuna jambo nililificha nyuma ya matairi hayo. Sasa nimechoka kulificha, na muda wa kuendelea kulificha sina. Macho yako nayajua, kwa hiyo mwambie mwanao Deo akusomee, na asiruke mstari hata ule utakaomtia aibu mjomba wake.

Haya, habari za hapo Kamachumu? Mgongo wako umepoa, au bado unainama shambani kama msichana? Nasikia siku hizi wanunuzi wa kahawa wanakuja wenyewe hadi mlangoni na mizani yao. Uwe macho na hiyo mizani. Mimi nipo. Miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi kibarazani napumzika njiani kama mtu aliyesafiri. Yule daktari kijana alinipima kifua, kisha akasema, "Mzee, wewe kula tu unachopenda." Nilimshukuru. Daktari akifika hapo, mgonjwa hahitaji kuuliza zaidi. Sina maumivu makali na silali na hofu. Kwa hilo usilie.

Barua yako nimeipata. Unasema Deo anakuja kunichukua wiki baada ya hii, na godoro nyuma na turubai juu, tupite Geita na Biharamulo polepole, ili nifike nikiwa bado na pumzi. Unasema umeshang'oa migomba kando ya kaburi la baba ili mahali pangu pawe wazi. Halafu mwishoni, kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi, unauliza, "Kaka, safari hii tuyazungushe matairi mara ngapi kabla Deo hajaondoka?"

Leo nakujibu kama nilivyokuwa nikiwajibu madereva nilipokuwa mkuu wa gereji ya malori ya pamba, kabla chama cha ushirika hakijatupunguza kazini na malori kuuzwa kwa watu binafsi. Kwa pikapu yenu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, matairi yahamishwe kila baada ya kilomita elfu nane hivi, au kumi barabara ikiwa nzuri. Barabara zenu ni za mawe na mnabeba ndizi, basi msingoje kumi. Ya nyuma yaje mbele moja kwa moja, kila moja upande wake. Ya mbele yaende nyuma kwa kupishana, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia. Nati zikazwe tena baada ya kutembea kidogo. Kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ni jambo jingine. Hufanywa tairi jipya linapofungwa, au likitolewa kwenye ringi kuzibwa pancha, au usukani ukianza kutetemeka gari likishika mwendo. Usukani ukitulia, muuache. Na tairi likiisha upande mmoja tu, kulihamisha hakutibu kitu, hapo miguu ya gari yenyewe imekaa vibaya na inataka kunyooshwa.

Ndiyo hayo tu. Hayazidi hapo.

Sasa linganisha na niliyokuandikia. Uliponiambia mara ya kwanza kwamba Deo atakuja kunichukua, nilikujibu kwamba matairi yahamishwe kila wiki mbili. Uliponiambia mmeyahamisha, nikasema tairi likihamishwa lisipewe safari ndefu mpaka lizoee upande wake mpya. Koleta, tairi ni mpira. Halizoei kitu. Lakini mlinitii, kwa sababu kwetu mkubwa akisema hakuna wa kumuuliza ameyatoa wapi. Kila mlipokaribia kuondoka, wiki mbili zilikuwa zimeisha, mkaanza upya. Ukaniandikia kwamba kijijini Deo wanamwita Jeki, na kwamba gari lenu linakaa juu ya mawe kuliko juu ya barabara. Nilicheka peke yangu hapa, kisha nikaona haya.

Nilipoishiwa na kisingizio hicho, nikasema magurudumu yote yabalansiwe kwa mashine, na mashine iko Mwanza. Nilijua gari haliwezi kuja kabla ya kubalansiwa, wala haliwezi kubalansiwa kabla ya kuja. Nikadhani nimewafunga. Sikumjua mwanao.

Deo hajakusimulia jinsi alivyoshuka melini, maana ana heshima. Nilikuwa nimekwenda kumpokea bandarini. Alikuja akiviringisha magurudumu manne, mawili mawili, anaacha haya na kurudia yale. Makuli waliacha mizigo yao kumtazama, na mmoja wao akamwuliza:

"Kijana, na gari lenyewe linakuja kwa kuogelea?"

"Limebaki nyumbani," Deo akasema.

"Kumbe umelivua viatu. Viatu vinakwenda kwa fundi."

"Ni agizo la mjomba."

"Huyo mjomba wako amesoma?"

"Sana."

"Ndiyo maana," akasema yule kuli, na wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, nimevaa kofia yangu ya Jumapili. Nikaikaza kofia.

Tulikwenda Buzuruga kwa Masanja, fundi ambaye zamani alikuwa chini yangu gerejini na sasa ana mashine yake. Akazungusha gurudumu la kwanza, la pili, hadi la mwisho. Akafuta mikono.

"Mzee, haya ni mazima. Ringi haijapinda, tairi halina uvimbe. Nani kasema yana kosa?"

"Mjomba," Deo akajibu.

Masanja akanitazama. Anajua ninachokijua kuhusu magurudumu, kwa kuwa mengi alijifunza kwangu. Nilitazama barabarani. Akasema, "Basi kama mjomba kasema," akachukua nyundo, akagonga vile vipande vya risasi vya kubalansia palepale vilipokuwa, ili kijana asione amesafiri bure.

Jioni tulikula sato na ugali. Deo aliniuliza, bila kunitazama, "Mjomba, kwani wewe hutaki kuja?"

Nikamwambia, "Matairi kwanza."

Hakuuliza tena. Asubuhi akayarudisha melini kwa kuyaviringisha vilevile.

Unakumbuka tulipomzika mke wangu Sabina, hapa nyuma ya nyumba, karibu na shamba lake la viazi. Kaka zake ndio waliochimba. Mlipokuwa mnaondoka ulinishika mkono ukasema, "Yeye amelala kwao, nawe utalala kwetu." Sikujibu. Ulidhani nimekubali, na sikukusahihisha, kwa sababu ulikuwa umetoka mbali kuja kulia pamoja nami. Tangu hapo umekuwa ukinitengenezea njia ya kurudi, na mimi nimekuwa nikiiwekea mawe.

Sikuwa na wasiwasi kwamba gari lingeharibika njiani. Nilijua kwamba Deo akisimama mlangoni na godoro lake, nitapanda. Na nikiiona migomba ya baba, na wewe umesimama na kanga yako begani, sitakuwa na ulimi wa kusema kitu. Ndiyo maana nasema sasa, nikiwa huku, nawe uko huko.

Gari lije. Matairi ni mazima, waliyashuhudia makuli wote wa Mwanza. Lakini godoro mlilalie ninyi njiani, na nyuma mkae ninyi. Njoo wewe mwenyewe, Koleta. Tuketi hapa siku hizi zilizobaki, unipikie ndizi, unigombeze kadiri unavyotaka. Nina haki ya kugombezwa, na bora nigombezwe nikiwa nasikia.

Nisalimie mke wa Deo na umwambie asimwite tena Jeki. Nisalimie shangazi yetu mzee, aliyetulea baada ya mama, kama bado anatambua majina. Nisalimie katekista, rafiki yangu wa shule, ambaye najua ulimwomba aniombee nirudi. Mwambie asinikasirikie.

Ndugu wa ukoo watakuuliza kwa nini, na najua jibu utakalowapa. Utasema mwanamke wa Kisukuma aliniapisha kitandani. Usiseme hivyo, maana si kweli. Sabina hakuniomba chochote. Siku zake za mwisho aliniambia, "Nikishaondoka, nenda kwenu ukakae na dada yako." Alinisihi. Anayetaka kulala hapa Kisesa, kando yake, ni mimi mwenyewe.

Kaka yako,
Agustino